'Put up with' nusura impofushe mama!

Leo naomba tuweke kando habari za nyumba ndogo na michango ya harusi, tuongee Kimombo. Usifunue ukurasa bwana, ngoja kwanza! Sizungumzii kile Kimombo cha darasani cha kuchapiwa viboko. Nazungumzia hiki kinachoingia majumbani mwetu kwa mlango wa uani, kwenye meseji na kadi za mialiko, kikajikalia sebuleni kama mwenye nyumba. Halafu siku kikiamua kugombanisha ukoo, kinagombanisha kweli.

Mimi sina ugomvi na maneno marefu ya Kizungu. 'Accommodation', 'postponement', 'toleration', hayo tunayamudu, kwa sababu ndiyo tuliyokaririshwa. Balaa liko kwenye maneno mafupi. 'Put' ni kuweka. 'Up' ni juu. 'With' ni pamoja na. Mtoto wa darasa la nne anayajua yote matatu. Sasa yaunganishe uone: 'put up with'. Kuweka juu pamoja na? Wapi! Ni kuvumilia. Tena kuvumilia kwenyewe ni kule kwa kukunja uso.

Msidhani ni ujinga wetu sisi tuliosoma shule za kata. Samuel Johnson, yule mzee aliyetunga kamusi maarufu iliyotoka London mwaka 1755, aliandika mwenyewe kwenye dibaji kwamba vitenzi vya namna hii, kitenzi kimoja kikibebeshwa kaneno kadogo nyuma, ndivyo vinavyowasumbua wageni kuliko kitu kingine. Mwingereza mwenyewe kakiri, na tena miaka zaidi ya 250 iliyopita! Basi nawe usijione mbumbumbu.

Sasa niwape kisa. Kimetokea kwetu, hivyo majina nayaweka mfukoni.

Mama yangu anaishi Lushoto. Ni mwalimu mstaafu wa sekondari, na somo lake lilikuwa Kiingereza. Wale walimu wa zamani mnawajua. Ukimwandikia barua anakurudishia imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Jicho lake la kulia liliingia mtoto wa jicho, likawa kama dirisha lenye ukungu, na la kushoto nalo likaanza kufuata. Akapangiwa tarehe ya kuonwa na daktari Dar es Salaam, siku ya Jumatatu. Ilikuwa afikie kwa kaka yangu.

Mke wa kaka, yaani wifi yangu, ni mtu wa watu, sina la kumsema. Akawaza, huyu mama ni mwalimu wa Kimombo, nikimwandikia Kiswahili ataona namdharau. Akakaa chini akatunga meseji kwa heshima zote: "Dear Mum, do not worry about the place to stay. We will put up with you until the doctor finishes."

Mama akaisoma kwa jicho moja, simu kaisogeza karibu na pua. Akaisoma tena. Akajibu kwa adabu: "Thank you, my dear. I will stay put."

Wifi akafurahi huyo! 'Stay' si kukaa? Basi mama kakubali kukaa. Akafua mashuka, akanunua chandarua kipya, akamtoa mtoto chumbani. Jumamosi kaka akadamka kwenda stendi ya Magufuli, Mbezi, kupokea basi la Lushoto. Basi likaingia, abiria wakashuka mmoja mmoja na viroba vyao vya viazi na matunda, mpaka kondakta akafunga mlango. Mama hayumo. Akasubiri la pili. Hayumo. Piga simu, haipatikani. Mama huwa anazima simu ili kutunza chaji. Hapo ndipo wakanipigia mimi, presha juu.

Nilimpata saa tatu usiku. "Mama, uko wapi?" "Niko kwangu. Si nilisema siji?" "Ulimwambia nani?" "Nilimwandikia wifi yako. 'Stay put' maana yake ni nini kwani? Ni kutulia ulipo, usijongee. Mimi si mzigo wa kuvumiliwa, mwanangu. Macho ni yangu, nitabaki nayo huku huku."

Nyie, nilinyong'onyea! Nikamwomba anisomee ile meseji neno kwa neno, ndipo nikaelewa mchezo wote.

Tulia hapa kidogo, ndiyo sehemu yenye nyama. 'Put up' ina kazi nyingi. Ukisimika hema, 'you put up a tent'. Mwanafunzi akinyoosha mkono, 'he puts up his hand'. Mwenye nyumba akipandisha kodi, ambayo ndiyo kazi yake kubwa hapa mjini, 'he has put up the rent'. Na mgeni akija ukampa pa kulala, 'you put him up'. Hii ndiyo aliyoitaka wifi. Alitakiwa aseme "We will put you up", basi, mambo yaishe. Angalia huyo 'you' alivyokaa katikati, kama mtoto kati ya baba na mama. Ukimtaja mgeni kwa jina unaweza kumweka katikati au mwishoni, lakini akiwa ni 'you', 'him', 'her' au 'them', kwake ni katikati tu.

'Put up with' yenyewe haitaki mtu katikati. Maneno matatu yameshikana kama mapacha, anayevumiliwa anakaa nyuma: 'put up with him', 'put up with the noise'. Kuna kichekesho ambacho watu hupenda kumbandika Winston Churchill, ingawa hakuna ushahidi kwamba ni chake. Eti karani mmoja alikataa sentensi isiishie na vineno kama 'with', mzee akamjibu kwa kuvipeleka vyote mbele: huu ni upuuzi 'up with which I will not put'. Wazungu wanacheka mpaka leo kwa sababu sentensi hiyo ni sawa na kumvalisha mtu suruali kichwani. Na jingine zuri: 'put' haibadiliki. Jana 'put', leo 'put', nimekwisha 'put'. Angalau hapo wametuhurumia.

Sasa utauliza, ka-'with' kamoja tu ndiko kageuze ukarimu kuwa tusi? Mbona sisi tunayo hayo hayo! Mwambie mtu, "Kesho nitakuja kukuona." Atakuandalia chai. Mwambie, "Kesho nitakuja kukuonea." Atakuandalia rungu! Kuna nini hapo? Herufi moja, 'e'. Au kusema na kusemea: mtoto anayesema anapongezwa, mtoto anayesemea wenzake kwa mwalimu anasubiriwa njiani. Sisi vyetu tunavifichia tumboni mwa neno, Waingereza vyao wanaviacha nje vinaning'inia. Ndiyo maana vinatuponyoka.

Kwa wifi, ile 'with' ilitoka wapi? Nilimuuliza kesho yake. Alinijibu kitu ambacho sikukitegemea. "Wifi, si tunasema tutakaa na wewe, tutaishi na wewe? Nikaona bila 'na' itakuwa kama namtupa peke yake." Mnaona, jamani! 'Na' ya upendo imevuka mpaka kuingia Kimombo, kufika kule imegeuka mwiba.

Kuna jambo lingine, ambalo ndilo hasa lililomkalisha mama Lushoto. Mara ya mwisho alipokuja Dar, mjukuu alihamishiwa kwenye kochi ili bibi apate chumba. Siku ya tisa au ya kumi mama akamsikia mtoto anauliza jikoni, "Bibi anaondoka lini?" Hakusema kitu. Alirudi kwake nacho moyoni. Kwa hiyo 'put up with' ilipoingia kwenye simu, haikukuta mahali patupu. Ilikuta kidonda kinaisubiri.

Na neno hilo linauma kweli. Usilitafsiri 'kuvumilia' ukadhani umemaliza. Kwetu kuvumilia ni sifa, mvumilivu hula mbivu, bibi harusi anaimbiwa avumilie mpaka anachoka. Kwenye 'put up with' hamna mbivu. Unavumilia mbu, foleni ya Ubungo, redio ya jirani, bosi mwenye harufu ya kinywa. Kitu kinakukera, hukiwezi, unakiacha kipite. Hata ile 'kuchukuliana' yetu haifanani, maana kuchukuliana ni kwa pande mbili, mimi nakubeba nawe unanibeba. 'Put up with' ina mbebaji mmoja tu, na huyo mbebaji amenuna. Kwa hiyo ukimwambia mtu mzima kwamba 'we put up with you', umemweka kapu moja na mbu.

Tarehe ya daktari ikapita. Nyingine ikapatikana baada ya wiki saba. Wiki saba kwa jicho lenye ukungu si mchezo. Jioni moja mama alikosea ngazi ya barazani akachubuka goti, akatuficha, tukaambiwa na jirani. Kaka akataka kwenda kumleta kwa nguvu za kiume. Wifi akasema hapana, aliyeandika ndiye atakayekwenda.

Sikuwepo, nawasimulia nilivyosimuliwa. Mama alimpokea vizuri, akampa chai na viazi, kisha akageuza kalenda ya zamani, akachukua kalamu, nyekundu bila shaka, akamfundisha kama mtoto wa kidato cha kwanza. Sentensi mbili, moja juu, moja chini. Wifi akaeleza habari ya ile 'na'. Mama akacheka mpaka akafuta machozi: "Kumbe ni Kiswahili kimevaa suti!"

Halafu wifi, na hapa nampa heko, hakuishia kwenye sarufi. Akasema, "Mama, na ukweli mwingine nikwambie. Mara ile tulibanana. Mtoto alikuwa amechoka kulala kwenye kochi, mgongo unamuuma." Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi hapo ndipo pa kuiweka. Mtoto 'put up with' kochi. Siyo mimi. Safari hii nitalala naye chumba kimoja, mlete kitanda kingine."

Wakapanda basi wote wawili. Jicho la kulia likafanyiwa operesheni, ile lensi iliyopata ukungu ikatolewa ikawekwa ya bandia, na siku bandeji ilipotoka mama alilalamika kwamba kuta za kaka ni chafu. Tukajua amepona.

Kidogo nisahau. Wengi wetu tunasema 'cope up with'. Iko maofisini, iko redioni, iko kwenye barua za kuomba kazi. Waingereza wenyewe wanasema 'cope with', hamna 'up'. Nadhani tunaiiba 'up' kutoka kwa huyu jirani yake, 'put up with'. Na tofauti ipo. Uki-'cope with' shida, unaimudu, umejipanga. Uki-'put up with', hujaifanya chochote, umekunja tu uso. Kwenye barua ya kazi utamke ya kwanza. Ya pili ukiitamka kuhusu bosi wako wa zamani, wa mbele atajua zamu yake inakuja.

Mbona basi shuleni hatukufundishwa 'put up', tukafundishwa 'accommodate' na 'tolerate'? Sababu moja ni historia. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na mahakama, na maneno yenye asili ya Kilatini yakamiminika yakawa ya vitabu na ofisi. Haya mafupi yakabaki ya jikoni na sokoni. Sisi Kimombo tulikipata kupitia vitabu na ofisi, ndiyo maana Mtanzania akienda London anaongea kama hati ya nyumba, na muuza samaki wa kule anamshangaa.

Mama alikaa kwa kaka wiki tatu. Asubuhi ya kuondoka aliacha karatasi juu ya friji: "Thank you for putting me up. And thank you for putting up with me."

Wifi akanipigia mbio, sauti inatetemeka. "Wifi, hii ya kwanza nimeielewa, hii ya pili vipi tena? Amekasirika?" Nikamwambia hapana. Mgeni akijisemea mwenyewe hivyo ni adabu, ndiyo ile yetu ya "jamani tumewasumbua". Akashusha pumzi. Akauliza ajibu nini. Nikamwambia Mzungu angejibu 'not at all'.

"Aa," akasema, "leo naandika Kiswahili." Akamwandikia: "Mama, hujatusumbua hata kidogo. Mtoto anauliza bibi anarudi lini."