Ujira wa Kupima

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia nikiwa nimeinama juu ya injini inayounguruma bila kwenda popote. Nimefanya ufundi Dar es Salaam na baadaye Iringa, na gari lililonipa riziki kuliko mengine ni Land Cruiser ya mfululizo wa 80, lile ambalo wengi walilijua kwa jina la VX, na waliokasirishwa na matumizi ya serikali wakaliita shangingi. Lilianza kutoka mwaka 1990, na injini yake ya petroli ya silinda sita, 1FZ-FE yenye sentimita za ujazo 4,476, ikafuata mwaka 1992. Magari hayo yalipozeeka na kuuzwa kwa mnada, yaliingia mikononi mwa wafugaji, wenye mashamba na wafanyabiashara wa mbao, na lalamiko lililoyaleta gereji likawa karibu lile lile: gari limekosa sailensi, ule mngurumo tulivu wa injini dereva asipokanyaga mafuta. Linapanda na kushuka likiwa limesimama, linatetemeka kwenye foleni, linazima ukikata usukani kuingia getini. Kazi hiyo imenifikisha kwenye msimamo ninaotaka kuutetea hapa: sailensi mbaya ni taarifa ya kusomwa kwanza, na fundi anayebadilisha spea kabla ya kuisoma anauza bahati nasibu kwa bei ya ujuzi.

Tuanze na hesabu ya hewa. Injini hii ikiwa imetulia hutakiwa kuzunguka kama mara 650 kwa dakika, na katika kila mizunguko miwili silinda zote sita huwa zimevuta mara moja. Kwa ujazo wake, hiyo ni nafasi ya lita 1,450 hivi kila dakika. Lakini kilango cha throtoli kimefungwa, mgandamizo ndani ya manifodi umeshuka hadi kama theluthi ya ule wa nje, kwa hiyo hewa halisi inayoingia haizidi sana lita 480. Sasa chukua mpira wa vakyumu uliochanika ukaacha tundu la milimita 3. Kwa tofauti hiyo ya mgandamizo, tundu hilo peke yake hupitisha takribani lita 80 kwa dakika, yaani kama sehemu ya sita ya pumzi yote ya injini, na hewa hiyo haikupita kwenye kipima hewa. Kompyuta inapeleka petroli kwa ajili ya hewa iliyohesabiwa. Ile iliyopenya pembeni haikupangiwa chochote. Dereva akikanyaga mafuta, injini inakunywa hewa mara kadhaa zaidi, mvuto ndani ya manifodi unapungua, na mchango wa tundu lile lile unakuwa mdogo kiasi cha kutosikika. Ndiyo maana mwenye gari huapa kwamba barabarani linavuta vizuri na tatizo ni likisimama tu. Anasema kweli. Injini iliyo kwenye sailensi haina akiba, na kosa ambalo mwendoni linamezwa, hapo linaonekana lote.

Ushahidi wa pili ni wa sikio, na sikio likifundishwa hutenganisha mambo ambayo mwenye gari huyataja kwa jina moja. Iko sailensi inayopanda na kushuka kwa mpangilio, kila sekunde chache, bila kukosea. Hiyo kwa kawaida ni hewa ya ziada: mizunguko inapanda wakati swichi ya throtoli inaiambia kompyuta kwamba mguu hauko kwenye pedeli, kompyuta inachukulia kwamba gari linateremka mlima na inakata petroli, mizunguko inaporomoka, petroli inarudishwa, na mchezo unaanza upya. Iko nyingine isiyo na mpangilio wowote, injini inadokoa, inatulia, inadokoa tena. Hapo nashuku moto wa plagi, waya, kifuniko cha distribyuta, au valvu moja isiyofunga sawasawa. Na iko ya tatu, ambayo injini imetulia vizuri mpaka uwashe kiyoyozi au ukate usukani hadi mwisho, ndipo inazama. Hiyo inaelekeza kwenye valvu ya sailensi iliyo chini ya throtoli, ambayo kazi yake ni kuongeza hewa mzigo unapoongezeka, na ambayo masizi huigandisha mahali pamoja. Aina tatu, njia tatu za kutafuta. Anayezijumlisha zote kuwa ni “sensa” amejinyima msaada mkubwa ambao gari lenyewe lilikuwa linampa bure.

Baada ya sikio huja mikono, na vipimo vya mwanzo havihitaji kununua kitu. Fungua mfuniko wa oili injini ikiwa inaunguruma. Kwenye injini yenye kipima hewa, sehemu ya chini ya injini imeunganishwa na njia ya hewa kwa mpira wa kupumulia, kwa hiyo mfuniko ukifunguliwa hewa isiyohesabiwa inaingia kwa wingi, na injini nzima lazima ishtuke, hata itake kuzima. Isiposhtuka, ama mpira huo umeziba, ama hewa ya wizi ilikuwa tayari inaingia mahali pengine. Kisha bana mipira ya vakyumu mmoja mmoja kwa koleo lenye midomo laini, ukianza na ule mnene uendao kwenye busta ya breki. Utakaoubana na sailensi ikatulia umekuonyesha upande wa kutafuta. Maji ya sabuni yakinyunyizwa kwenye maungio ya manifodi huziba ufa kwa sekunde moja au mbili, na injini hubadilisha sauti papo hapo. Najua gereji nyingi hutumia petroli kwa bomba la sindano kwa kazi hii. Ni kipimo kinachofanya kazi na kinachochoma magari. Kwenye injini za zamani zaidi kama 3F, manifodi ya hewa imekaa juu kabisa ya ile ya moshi, na kila tone linalokosa ufa linaangukia kwenye chuma cha moto.

Geji ya vakyumu ndiyo chombo ninachokithamini kuliko vyote, na ndicho kinachoonewa zaidi. Vitabu vya ufundi husema injini nzima isome kati ya inchi 17 na 22 za zebaki, na mshale usimame. Havikosei, ila vinazungumzia usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 300 unapoteza kama inchi moja, na Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu. Injini iliyosoma 20 Dar es Salaam itasoma 15 au karibu na hapo ikifika Iringa, bila ugonjwa wowote. Nimesikia injini nzuri zikihukumiwa kuwa zimechoka kwa sababu ya inchi hizo tano. Kwa hiyo, kabla ya namba, mimi hutazama tabia ya mshale: ukisimama mahali pamoja, sawa, ukidunda kwa mpigo ule ule, kuna valvu au silinda moja yenye kasoro, ukisimama lakini chini kuliko magari mengine mazima ya mji huo huo, tafuta uvujaji au taimingi iliyochelewa.

Kuna ugonjwa mmoja ambao sisi mafundi wenyewe tumeueneza. Gari likichemka, dawa ya haraka mitaani ni kutoa themostati na kuitupa. Injini haichemki tena kirahisi, mteja anashukuru. Lakini themostati ya injini hii hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi kwa sababu maalumu: kompyuta inasubiri joto hilo ndipo ipunguze petroli na hewa ya kuwashia asubuhi. Bila themostati, kwenye baridi ya Iringa ya Juni na Julai, maji hayafiki huko. Sailensi inabaki juu, petroli inaliwa, plagi zinakuwa nyeusi, na baada ya muda injini inaanza kudokoa. Sensa ya joto la maji inapimwa kwa mita ya kawaida: kwenye nyuzi 20 isome omu 2,000 hadi 3,000, kwenye nyuzi 80 ishuke hadi kati ya 200 na 400. Ikisoma hivyo, sensa ni nzima na inaripoti ukweli kuhusu injini iliyopozwa kupita kiasi. Kuibadilisha ni kumfukuza shahidi kwa sababu hukupenda alichosema.

Pingamizi la kwanza ninalosikia ni kwamba siku hizi kuna mashine, uichomeke tu itasema yote. Kwenye magari haya ya mwanzo hata mashine haihitajiki. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kisanduku kilicho chini ya boneti, na taa ya injini inapepesa namba zake. Ni hatua ya lazima na mimi huianza mapema. Lakini angalia namba hizo zinasema nini. Namba 22 ina maana mzunguko wa umeme wa sensa ya joto la maji umekatika au umegusana. Sensa inayodanganya ndani ya kiwango kinachokubalika haitoi namba yoyote, na mpira uliochanika hauna waya wa kuripoti. Mashine inajua umeme wa gari. Hewa, chuma na masizi inavikisia tu. Fundi anayesema “mashine haikuona kitu” amemaliza hatua moja, hajamaliza kazi.

Pingamizi la pili ni la skrubu. Kwa nini kuhangaika, wakati ukikaza skrubu ya kilango cha throtoli kidogo gari linatulia? Linatulia, ndiyo. Umefungua njia nyingine ya hewa ili kufunika tatizo la ile ya kwanza. Kilango kikiinuka, swichi ya sailensi huacha kugusa, na kompyuta inaamini dereva anaendesha. Haisimamii tena sailensi wala haijui wakati wa kukata petroli kwenye mteremko. Fundi atakayefuata anakuta makosa mawili, na la pili linalificha la kwanza.

Wapo pia wanaosema chanzo ni mafuta machafu, na historia inawapa sababu ya kushuku. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianzisha uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta. Hata hivyo, petroli mbaya haichagui sailensi peke yake: gari linagonga likipanda mlima na kupoteza nguvu, na hali hubadilika tangi likijazwa kwingine. Tatizo linalodumu tangi baada ya tangi, huku mlima unapandwa vizuri, halikutoka kituo cha mafuta. Na wanaosema spea za mtumba za Ilala na Gerezani ni nafuu, kwa hiyo kubadilisha ni haraka kuliko kupima, wanasahau kwanza kipima hewa. Kile cha kibao kilichotoka kwenye injini nyingine kinaweza kufanana kwa sura na plagi yake ikaingia, lakini springi yake imepangwa kwa pumzi ya injini ile. Umelipa fedha ili kuongeza kosa jipya.

Pingamizi zito zaidi ni la umri: injini imezeeka, hewa itavuja hapa, silinda zitatofautiana pale, nani atazitafuta zote? Najibu kwamba uchakavu nao unapimika. Nafasi za tapeti za injini hii hutakiwa kuwa milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa hewa na 0.25 hadi 0.35 upande wa moshi. Kadiri valvu zinavyozama kwenye viti vyake, nafasi hiyo hubana kimyakimya, mpaka valvu ya moshi inakosa kufunga kabisa. Kwenye mwendo, muda wa kuvuja ni mfupi; kwenye sailensi ni mrefu, na silinda inadokoa. Kipimo cha mgandamizo kitaionyesha, na kipande cha chuma cha kurekebishia nafasi hiyo ni rahisi kuliko injini. Mara nyingi neno “imechoka” limetumika pale ambapo hakuna aliyeingiza geji.

Kwa nini basi mafundi wenye akili nzuri huendelea kubahatisha? Baada ya kuifikiria kazi hii kwa miaka mingi, naona sababu kubwa haiko kwenye ujuzi. Mteja wetu amezoea kulipia anachokiona: spea kwenye boksi lake na mkono ulioifunga. Saa mbili za kubana mipira na kusoma mshale zikiishia kwenye kipande cha mpira cha bei ndogo, anaona ameibiwa. Akiuziwa kipima hewa ambacho hakikuhitajika, anaona amehudumiwa. Fundi mwenye watoto wanaosubiri ada anajifunza haraka kipi kinalipa. Ndiyo maana nilianza kutoza kupima peke yake, kwa bei inayotajwa kabla boneti haijafunguliwa, inayolipwa hata kama dawa yake ni klipu ya mpira. Wapo walioondoka kwenda kwa wengine. Waliobaki walipata karatasi yenye namba za gari lao, vakyumu, tapeti, mgandamizo na joto, na mimi nikapata uhuru wa kuwaambia kwamba hakuna cha kununua. Gereji itakayoweka ujira wa kupima kwenye orodha yake ya bei itakuwa na mafundi wanaopima. Isiyouweka isishangae ikiwa na mafundi wanaouza spea.