Nilibwaga dude langu Bagamoyo

Msomaji, kama wewe ni mtoto wa mjini na una pikipiki kubwa ya kuuzia sura, leo tukae pamoja kidogo. Mie mwenzio nimeshatoka huko.

Kwa miaka mitatu nilikuwa na dude la Kijapani, cc 600, zaidi ya kilo 150. Likinguruma pale Mwenge, konda anasahau kuita abiria. Washikaji wakaniita Kamanda. Sifa tele bwana, ila mfukoni kweupe. Tairi la nyuma huliokoti Kariakoo, mpaka uagize na usubiri. Na wese? Dar mpaka Bagamoyo ni kama kilomita 70. Kwenda na kurudi dude linakunywa lita saba. Matokeo yake Bi Mkubwa wangu anayeishi kule nikawa namwona mara moja kwa mwezi, tena mwezi wenyewe uwe mzuri. Presha yake inapanda, mie nahesabu lita.

Basi Jumamosi moja nikajikaza. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege: kila ukienda kidogo kibao cha 50, na askari wa tochi kajibanza kivulini. Cc 600 zote hizo, natembea sambamba na daladala!

Nilipomaliza kumjulia hali mama nikachepuka kwenda Kaole, kama kilomita tano kusini mwa mji, kutazama magofu ya msikiti wa karne ya 13. Hapo ndipo nilipokosea. Njia ikawa na mchanga, gurudumu la mbele likazama, dude likalala, mguu wangu chini yake. Nikavuta, wapi! Bomba la moshi linaunguza suruali. Nikapiga yowe kama mtoto.

Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda, mwembamba kama ufito, na Boxer yake ya cc 150. Kanichomoa, tukalinyanyua wawili huku tunatweta. Akalizunguka, akalitazama weee, kisha akaniuliza: "Pole kaka. Hili unalipanda au unalifuga?"

Sikuwa na jibu. Jioni nikakaa ufukweni karibu na soko la samaki, mguu umevimba. Wenyewe wa kule watakwambia jina la mji linatokana na "bwaga moyo". Wapo wanaosema ni moyo wa mtumwa aliyekuwa anaiaga bara. Wengine wanasema ni wapagazi, waliotembea kutoka Ujiji na pembe za ndovu mabegani, wakifika hapo ndipo wanatua. Mwaka 1874 akina Chuma na Susi waliingia mji huo na maiti ya Livingstone, wameibeba tangu nchi ambayo leo ni Zambia. Mie mzigo wangu niliununua mwenyewe, kwa hela yangu.

Wiki mbili baadaye nikapata jamaa aliyekuwa analimezea mate dude. Akanipa Boxer yake, karibu mpya, na fedha juu. Fundi akazikagua zote mbili mbele yetu, kadi tukabadilisha majina, tukapeana mikono. Fedha ile ikalipa kodi ya nyumba na dawa za mama.

Siwadanganyi, kuna siku nalikumbuka. Lori likikupita kasi, Boxer inayumba. Kilima ukiwa umepakia mtu, inabidi ushushe gia na uwe mpole. Jina la Kamanda nalo limekufa. Lakini Bagamoyo kwenda na kurudi ni lita tatu na kidogo, na cheni au plagi ikifa unaipata dukani njiani.

Siku ya kwanza mama aliponiona na kale kapikipiki alishika kiuno. "Mwanangu, umefilisika?"

"Hapana mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, kama ni hako kadogo, basi na Jumamosi ijayo uje."

Nilikwenda. Na iliyofuata pia.