Bahari ya Baridi Tuliyoikuta Maine

Wapendwa ndugu wa kambini,

Mliuliza kama huku Portland, jimbo la Maine, Marekani, kuna ziwa kama letu Tanganyika. Kuna bahari, na baridi yake si mchezo! Mwezi wa pili maji yanashuka hadi nyuzi 3 au 4. Tulidhani hakuna kinachoishi mle. Kumbe mwani umejaa miambani, na sili wanachungulia kama watoto wanaooga. Maji yanapanda na kushuka karibu mita 3, mara mbili kwa siku. Siku ya kwanza watoto walilia kwamba bahari imekauka.

Jirani mmoja mvuvi alitupandisha boti yake. Anatega kamba wakubwa wenye magando, wa rangi ya kijani na kahawia (wekundu ni wa sufuriani). Kila mmoja anapimwa gamba la mgongo. Asiyefika sentimita 8 hivi anarudi majini. Anayezidi 12 na nusu hivi, naye vilevile. Jike mwenye mayai anakatwa alama mkiani, anaachiwa, na hata siku hana mayai haruhusiwi kuchukuliwa.

Baba, aliyevua migebuka miaka mingi kule Baraka, alinyamaza sana. Halafu akasema: "Sisi tulivua hata vitoto, kwa chandarua."

Lakini bahari hii inapata joto haraka kuliko nyingi duniani. Mwaka 2016 Maine ilitoa tani 60,000 hivi za kamba. 2023 hazikufika 45,000. Jirani anavuta mitego mingi mitupu. Mwanawe ameanza kujifunza useremala.