Tulipishana Bafuni

Mara ya kwanza yule binti aliponiambia anataka rangi kama yangu, nilicheka mpaka nikashikilia sinki. Kilichonichekesha sikuweza kumwambia. Chumbani kwangu, chini ya soksi, nilikuwa nimeficha mkebe wa krimu niliyonunua Nairobi, kwenye kaduka fulani katikati ya jiji ambako muuzaji hakuniuliza lolote. Alinitazama tu usoni akasema, "Wiki mbili, msupa, hutajijua."

Nilikuwa na miaka 20, nikiishi na familia moja Ujerumani kama au pair: nalea watoto wao wawili wadogo, najifunza lugha, nazoea baridi. Binti yao mkubwa alikuwa na miaka 17. Bafu la juu lilikuwa letu sisi wawili, na watu wanaotumia bafu moja hawafichani mengi.

Ilikuwa Januari. Jua lilikuwa linazama hata saa kumi na moja haijafika, na kila mtu mtaani alikuwa na rangi ya unga wa chapati, isipokuwa yeye. Yeye alikuwa anaiva polepole kama andazi. Nikamuuliza siri ni nini. Akaniambia anaenda solariamu: unalala kwenye kitanda cha kioo, unajifunika na kifuniko chenye taa, mionzi inakuchoma dakika kumi, unatoka. Sheria ya kwao imewakataza walio chini ya miaka 18 tangu 2009, kwa hivyo alikuwa anatumia kitambulisho cha binamu yake.

"Usimwambie mama," akasema.

Nikasema sawa. Ningesema nini, na mimi nina mkebe?

Wiki chache baadaye niliusahau kando ya sinki. Nilimkuta ameushika, anasoma maandishi.

"Hii ni ya nini?"

"Ya chunusi."

"Imeandikwa inafanya ngozi iwe nyeupe." Akanitazama kama mtu aliyeibiwa. "Lakini kwa nini?"

Hakuwa ananidharau. Hakuelewa kabisa. Ningemweleza vipi kwamba shule ya upili niliitwa Makaa miaka minne, na kwamba kwenye kila picha ya darasa nilisimama nyuma? Nikamrudishia swali: na wewe, kile kitanda kwa nini? Akasema wasichana wa darasa lake wanamwita maiti. Tukanyamaza. Yeye anachomwa ili afanane na mimi, mimi najichubua ili nifanane na yeye, na sote tunamficha mama mmoja.

Baadaye usiku huo akaja chumbani, akainua fulana. "Niangalie hapa, mimi sipaoni." Chini ya bega palikuwa na doa, upande mmoja hudhurungi, upande mwingine jeusi, kingo zake hazikulingana. Nilimwambia amwonyeshe mamake. Akakataa. Nilikaa na jambo hilo siku mbili, na kusema kweli sikuwa namwogopea yeye. Nilikuwa naogopa kurudishwa nyumbani.

Siku ya tatu nilishuka jikoni na mkebe wangu mkononi. Kijerumani changu hakikutosha kusema nusu ya hadithi, kwa hivyo nikasema yote. Mamake alikasirika, na zaidi alinikasirikia mimi. "Ulijua wiki ngapi?" Sikuwa na jibu zuri.

Daktari wa ngozi alilikata lile doa. Halikuwa saratani, lakini seli zake hazikuwa za kawaida, na binti akaambiwa apimwe kila mwaka. Ndipo nikajua kwamba mwaka huo huo wa 2009, shirika la utafiti wa saratani la WHO liliviweka vitanda vile kwenye kundi moja na sigara. Ukianza kabla ya miaka 35, hatari ya melanoma, saratani ya ngozi iliyo kali zaidi, inapanda sana. Binti hakunisemesha mpaka Machi.

Mimi nami niliacha krimu, na uso ukaniadhibu: ukavimba, ukawasha, ukawa mwekundu. Krimu nyingi za aina ile huwa na steroidi kali, na ukiacha ghafla ngozi inalia. Nyingine huwa na zebaki, ambayo huharibu figo. Daktari alinieleza pia kwamba kile nilichokuwa nakiondoa, melanini, ndicho kinachonikinga na jua. Kisha akaniambia nivue soksi.

Nikashangaa. Akasema watu weusi hawapati melanoma sana, lakini ikitupata, mara nyingi hujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, na tunafika hospitali tumechelewa kwa sababu hakuna anayeangalia huko. Bob Marley alikufa 1981 akiwa na miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Maisha yangu yote nilidhani huo ni ugonjwa wa wazungu.

Nimerudi Nairobi sasa. Yale maduka bado yapo, na mabinti wanaoingia ni wadogo kuliko nilivyokuwa. Rangi yangu imerudi, ila kwenye mashavu mawili ina mabaka.

Juzi yule binti alinitumia picha ya mgongo wake: kovu dogo, hakuna doa jipya. Nikavua viatu, nikapiga nyayo zangu picha, nikamtumia.