Volti yako umepimiwa na nani?

Leo tuweke kompyuta kando tuzungumzie volteji. Siku za kazi naandika programu Embu, lakini wikendi nikiwa nyumbani Meru majirani huniletea betri za sola niwapimie. Swali ni lile lile: bado ni nzima, au ninunue nyingine?

Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7. Ikibaki nusu husoma karibu 12.2. Tofauti ni nusu volti tu! Na zile mita za bei nafuu zina tabia moja mbaya: betri yao ndogo ya volti 9 ikichoka, namba hupanda. Betri iliyo nusu inaonekana imejaa, na mwenyewe anarudi nyumbani akilaumu paneli.

Ndiyo maana nikajitengenezea kipimo cha kulinganishia. Nilitumia chipu ya AD584, ambayo hutoa volti 10, 7.5, 5 au 2.5 kulingana na pini unazounganisha. Ndani yake kuna volteji mbili: joto likipanda moja hushuka, nyingine hupanda. Zikijumlishwa, mabadiliko karibu yote yanafutana. Chipu ya daraja la K huahidi volti 10 kwa kosa lisilozidi milivolti 10, yaani asilimia 0.1. Mita ya bei nafuu huahidi asilimia 0.5 hivi. Hapo mwalimu ni chipu.

Umeme wake unatoka kwa betri mbili za volti 9 zilizounganishwa mfululizo. Nimeifungia ndani ya kopo la bati ili upepo usiisumbue, na huiacha nusu saa ipate joto kabla ya kupima. Baridi ya Julai na jua la Februari bado huigusa: nyuzi 10 za joto zinaweza kuisogeza milivolti 1.5 hivi. Kwa betri ya sola, hiyo si kitu.

Ukitaka kujua thamani yake hasa, sharti ilinganishwe na kipimo kikubwa zaidi. Hapa Kenya, maabara za vipimo vya taifa ziko KEBS, Nairobi. Si lazima isome 10 kamili. Ikisoma 10.0037 na isiyumbe, andika namba hiyo juu ya kopo, inatosha.

Kwa hiyo, kabla hujamwambia mama wa watu atafute pesa za betri mpya, pima mita yako kwanza. Tukutane wiki ijayo!