Kofia Haitaki Siku Nzima

Kikwajuni, Unguja

Mwanangu mpenzi,

Baba yako goti limempa nafasi siku hizi, amerudi kwenda barazani baada ya Alasiri kama zamani. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, ingawa mwanzo sikufahamu neno kwa kelele za mjukuu wangu. Nikasema jibu la hili si la kwenye simu. La simu utalisikiliza huku unakoroga uji, kesho limekutoka. Barua utaitia kabatini, na siku sindano itakapokukatalia utaifungua.

Unataka kushona kofia ya viua kama ile ya babu yako, lakini nafasi huna. Mtoto mdogo, mumeo anatoka alfajiri, mkweo mnakaa naye, na nguo za kufua haziishi. Kwa hiyo unangoja mtoto aanze chekechea, upate siku nzima ya kukaa na kitambaa chako. Hapo ndipo sikubaliani nawe. Hiyo siku nzima haiji mwanangu, na kofia yenyewe haiihitaji.

Hebu fikiri nani waliozishona kofia hizi hapa Unguja. Ni wanawake wenye nyumba zao, wenye watoto mgongoni na chungu motoni. Kazi ya watu wa namna hiyo lazima iwe kazi inayokubali kukatizwa, na kofia inakubali kuliko ushonaji wowote ninaoujua. Gauni la cherehani linataka meza, na ukiinuka katikati ya mkono, ukirudi hujui ulikuwa wapi. Kofia ni viua, na kiua kimoja ni kitundu kimoja: unatoboa, unakizungushia uzi, unakaza, kimekwisha. Mtoto akilia, unamalizia mishono miwili mitatu iliyobaki unamwendea. Ukirudi, kiua kipo kama ulivyokiacha na kinachofuata kinakungoja.

Na huhitaji kubeba kofia nzima. Inashonwa vipande viwili, duara la juu na mkanda wa pembeni, na huunganishwa mwisho kabisa. Mkanda unaukunja unautia kwenye mkoba, unakwenda nao kliniki ya watoto, unakwenda nao hitimani ukangoja chakula. Mimi mikanda yangu mingi imeshonwa kwenye mabenchi ya watu.

Nimekutumia kopo la biskuti. Biskuti hamna, mwambie na mumeo asijisumbue kulifungua. Ndani mna kitambaa cha pamba nyeupe, uzi, sindano, subana na msharasi mwembamba. Ukija kununua kitambaa mwenyewe, usichukue kilichochanganywa na polista hata muuzaji akiapa. Ukikitoboa, tundu linajirudia kufumba, na siku ya kukitia wanga hakishiki. Kofia ikikosa wanga inalala kichwani kama chapati.

Kitambaa ni tabaka mbili. Kwanza zipigie bandi pande zote ili zisikimbiane, halafu ndiyo uanze viua. Mchoro nimeshakuchorea kwa penseli, usiupige pasi mpaka kofia ifuliwe, maana moto huifanya alama ing'ang'anie. Anza na mkanda, na uanzie kwenye ncha zile mbili zitakazokutana kisogoni. Viua vyako vya kwanza vitakuwa vibaya, sikufichi, na kisogoni hakuna anayevitazama. Ukifika sehemu ya kwenye paji la uso mkono utakuwa umeshajua.

Sasa kiua chenyewe. Kata uzi wa dhiraa moja, usizidishe kwa uvivu wa kutunga sindano mara kwa mara. Uzi mrefu unapita kwenye kitambaa mara nyingi mno, unachakaa na kutoa manyoya kabla hujaufikia mwisho, na unajifunga mafundo. Zungusha bandi ndogo ndogo juu ya alama ya penseli. Kisha toboa katikati kwa ncha ya msharasi. Toboa, usikate. Wako wanaotumia mkasi kwa haraka, na kofia zao zikifuliwa mara chache matundu yanachanika, kwa sababu mkasi umezikata nyuzi za kitambaa. Msharasi unazisukuma tu kando zikiwa nzima, nazo ndizo zinazobeba kiua chako miaka yote.

Sindano ishuke ndani ya tundu, itokee nje kidogo ya ile bandi. Ishuke tena, itokee tena, uzi ukae ubavu kwa ubavu bila kupandana. Kila mshono uuvute kuelekea nje, usiuvute juu. Ukivuta juu, tundu linafumba na unapata kiuvimbe. Ukivuta nje, linafunguka lenyewe. Ukifika nusu ya mzunguko rudisha msharasi, uzungushe kidogo, tundu likae duara, ndipo umalizie. Uzi ukiisha usifunge fundo. Geuza upande wa ndani, pitisha sindano chini ya mishono iliyokwisha kukaa, kata. Fundo moja tu ndani ya kofia humkwaruza mtu kutwa nzima, na hatajua kinachomkera ni nini, atasema kofia inambana.

Vikikaa viua kwa mamia utaona kwa nini watu wa joto kama sisi tunaipenda. Upepo unapita.

Weupe juu ya weupe unachosha macho, kwa hiyo tandika kitu cheusi mapajani. Mimi natumia buibui kuukuu. Matundu yanaonekana meusi na mchoro unajitokeza. Na kaa mlangoni au ukumbini asubuhi, jua la saa mbili mpaka saa nne ndilo bora. Usiku chini ya taa piga bandi tu, viua viache. Wewe bado kijana utaona unaweza, lakini macho hayatoi risiti, yanakuja kudai baadaye.

Kuhusu saa zako, mimi nisingepanga ratiba. Nikishateleka maharage ndiyo nashona, kwa sababu maharage yananifunga nyumbani na hayanihitaji. Mtoto akinyonya akalala, usikimbilie vyombo, vyombo havifi. Kaa ushone kidogo. Wakati wa kukuna nazi na kukaanga samaki, kopo lifungwe na liwe juu. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla hujagusa kitambaa, na kama umeshika manjano, osha mara ya pili. Manjano ikiingia usilie: fua kwa sabuni ya mche, anika juani, fua tena, anika tena. Jua linaila rangi yake taratibu. Kutu ndiyo mbaya zaidi. Hewa yetu ya bahari hii, ukiiacha sindano imechomekwa kwenye kitambaa siku mbili tatu za masika, utakuta alama ya hudhurungi. Ndimu na chumvi, halafu jua, huiondoa mara nyingi, lakini bora isiwepo. Sindano irudi kwenye kopo kila unapoinuka, na uzihesabu. Huyo mjukuu wangu karibu atatambaa, na mtoto anayetambaa huona chini kila kitu ambacho mama yake hakioni.

Sasa mkweo. Najua unachokiogopa, kwamba akikuona umekaa na sindano saa nne asubuhi atadhani umekaa bure. Usijifiche chumbani, hilo ndilo litakaloleta maneno. Mpe kipande apige bandi. Macho yake hayatatosha kwa viua, lakini bandi ataiweza, na mwanamke wa umri wake hakosi kuwa amewahi kushika sindano. Atakusahihisha wewe, atakusema na mimi niliyekufundisha, na kazi itakwenda mbele. Nami sitakasirika.

Mumeo akikutania kwamba hii ni kazi ya bibi vizee, mwambie aende Lamu. Kule wanaume wanakaa na kofia mapajani wanashona, watu wazima wenye ndevu zao, na hakuna anayewacheka. Akipenda naye mfundishe. Wanaume wengi wana mkono mzuri wa viua, subira tu ndiyo hawajazoezwa.

Umeniuliza na bei, mwanangu, hata sindano hujatunga. Nitakujibu kwa sababu hela ni hela na Dar es Salaam haikaliki bila hela. Kofia ya mkono iliyotulia ni kazi ya miezi, na mnunuzi wa kweli yupo. Wapo maharusi, wapo watu wanaotaka ya Idd, wapo na ndugu zetu wa Oman. Waliokwenda huko baada ya Mapinduzi ya 1964, na waliofuata Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970, hawakukuta ugeni kwenye vichwa vya watu. Kule wanaiita kumma na wanaivaa sokoni, na anayejua kofia anataka ya mkono. Lakini mchuuzi atakayekujia mlangoni atakupigia hesabu ya kitambaa na uzi. Miezi yako hataihesabu, atakwambia ulikuwa umekaa tu nyumbani. Kwa hiyo usichukue oda mpaka kofia ya kwanza ikamilike, na hiyo ya kwanza isiuzwe.

Usinione nakubania riziki. Oda ina tarehe, na tarehe ya kofia siku zote ni kabla ya Idd, wakati ambapo nyumba yenyewe ina futari za kupika, nguo za watoto, mapazia ya kufua. Nimeona nyumba ambamo Ramadhani nzima mama hasemezeki kwa sababu ya kofia za watu. Viua vyenyewe vinaonyesha, vinabanwa vikawa vidogo kadiri tarehe inavyokaribia. Kile ulichokitaka, kuwa na kitu chako cha kushika nyumba ikitulia, kinageuka mwajiri. Ukishajua mkono wako unakwenda kasi gani ndipo utajua tarehe gani uikubali na ipi uikatae. Sasa hivi hujui.

Na usishindane na za mashine zinazouzwa Darajani. Mimi sizichukii. Watoto wa madrasa wanazivaa, wanazipoteza, wananunuliwa nyingine, hakuna msiba. Lakini jifunze kuzitambua, maana kuna anayeuza ya mashine kwa bei ya mkono. Geuza ndani. Ya mashine ina uzi wa juu na uzi wa bobini, kwa hiyo upande wa ndani una sura nyingine, na viua vyote vimelingana mpaka vinachosha. Ya mkono, nje na ndani vinakaribiana, na ukitazama sana utaona mahali mshonaji alipochoka.

Baba yako alipoona nafunga kopo alisema nikukumbushe habari ya babu yako. Enzi za utumwa hapa, kufunika kichwa hakukuwa haki ya mtumwa. Kichwa wazi na miguu mitupu ndiyo iliyokuwa alama yake. Sheria ya kuufuta ilipopita Unguja mwaka 1897, wengi waliotoka humo waliiendea kanzu na kofia mara tu walipoweza kuzipata, na wanawake wakaziendea kanga. Mimi nadhani ndiyo maana wazee wetu walikuwa wakali hivyo kwa kofia zao. Babu yako hakutoka hata kwenda dukani bila kofia, na ikifuliwa ilitiwa wanga na kukaushwa juu ya faroma, wala mtoto hakuruhusiwa kuigusa mpaka ikauke wima. Faroma yenyewe anayo baba yako, kichwa cha mti kimekuwa laini kwa kushikwa. Kofia yako ikifika hatua hiyo usihangaike na bakuli la plastiki kama wanavyofanya watu. Niletee, tuitie wanga pamoja.

Nasikia siku hizi mabinti wanajifunza kudarizi kwa kutazama video, na wanatia maua ya rangi kwenye foronya na vitambaa vya makochi. Nimeziona za jirani yangu, nzuri kweli, nyuzi za rangi sita ndani ya jani moja. Ukipenda hayo nenda nayo, mshono wa mnyororo na wa shina utaijua kwa wiki moja na foronya inakamilika upesi. Kofia ina rangi moja na inachelewa. Ila uliniuliza kofia, nami najibu kofia.

Kabla hujaanza nataka kitu kimoja kutoka kwako. Mpime mkwe wangu kichwa. Uzi upite juu kidogo ya masikio na katikati ya paji la uso, usiukaze na usiulegeze, vidole viwili viingie. Usiniandikie inchi, kila mtu na futi yake. Kata huo uzi wenyewe, funga fundo ulipokutana, uutie kwenye bahasha. Mkanda niliokukatia nimeuacha mrefu makusudi, nitakwambia upunguze wapi. Bahasha mpe mtoto wa ami yako, anarudi kwa boti ya Jumamosi. Na zile chupa za achari ya embe azibebe, mama yako anaziulizia tangu mfungo mosi.

Nisalimie mkweo, mbusu mjukuu wangu.

Wasalaam,
Shangazi yako