Mgeni wa Mizabibuni

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno hayo husemwa sana mlangoni, mgeni anapopokewa mzigo wake. Ni nadra kukumbukwa kabla ya safari, mtu anapochagua aende kuwa mgeni wa nani. Walakini hapo ndipo yanapofaa zaidi. Mwenye nauli ya safari moja tu hana budi kujiuliza: nikifika, atakayepona ni nani?

Swali hilo liliingia katika nyumba moja ya Sekenke, karibu na mlima ambao magari ya mizigo huushuka kwa hadhari yakielekea mbuga za Wembere. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu. Katika kiinua mgongo chake alitenga fungu kwa safari aliyomwahidi mkewe tangu ujana, safari ya kwenda kuona mizabibu. Mke huyo alikuwa ameionja divai katika meza ya Bwana kwa miaka mingi bila ya kuuona mti unaoizaa. Mahali palipogombewa ni pawili: Rasi ya Tumaini Jema huko Afrika Kusini, na Dodoma, ambako basi la asubuhi hufika bila abiria kulala njiani.

Mwalimu aliegemea upande wa Rasi, na hoja zake hazikuwa nyepesi. Divai ya kwanza ya huko ilikamuliwa mwaka 1659. Mji wa Stellenbosch ulianzishwa mwaka 1679, na wakimbizi wa dini kutoka Ufaransa walianza kukaa Franschhoek mwaka 1688. Milima imesimama nyuma ya mashamba kama kuta za ngome. Dodoma, alisema, mizabibu ni mambo ya juzi. Ililetwa na wamisionari katika karne ya 20, ikalizoea jua kali la Ugogo. Tena umri wake ulikwisha pita miaka sitini. Safari ya mbali isipofanywa sasa, haitafanywa kamwe.

Mkewe alimsikiliza hata mwisho, kisha akamwuliza, "Baba watoto, huko Rasi, ni nani aliyechuma?"

Mtu wa mahali pengine angaliweza kuliona swali hilo kuwa la ajabu. Mtu wa Sekenke hawezi. Machimbo ya dhahabu ya Sekenke yalifunguliwa mwaka 1909, wakati wa utawala wa Wajerumani, nayo yalikuwa ya kwanza katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Mwaka 1916, vita vilipowafungia njia ya bahari, Wajerumani waliichukua dhahabu ya hapo wakaifua Tabora kuwa sarafu za rupia 15, zenye sura ya tembo. Leo sarafu hizo hutafutwa na wakusanyaji wa vitu adimu katika nchi za mbali, na huuzwa kwa bei kubwa. Sekenke ilibakiwa na mashimo, na wachimbaji wadogo wanaookota makombo. Sarafu yaonyesha tembo. Haimwonyeshi aliyebeba mawe. Aliyekulia karibu na mashimo hayo hawezi kukitazama kitu kizuri asiutafute mkono uliokitoa.

Mwalimu alilijua jibu, maana alikuwa mtu wa vitabu. Waliochuma Rasi hapo kale walikuwa watumwa walioletwa kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na pwani ya Msumbiji. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1834, lakini waliokuwa watumwa walifungwa katika kazi kwa mabwana zao hata mwaka 1838. Baadaye ukadumu mtindo wa kuwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa divai, kikombe baada ya kikombe, kutwa nzima. Mtindo huo ulipigwa marufuku, walakini ulevi uliopandwa katika familia haukung'olewa kwa kalamu. Ni haki kusema pia kwamba yako mashamba ya Rasi yaliyokwisha wapa wafanyakazi wake hisa. Mwalimu aliyasema yote mawili, kisha akarudisha swali.

"Na Dodoma je, mama watoto? Huko nako zabibu huoza mnunuzi asipofika."

Ni kweli. Mizabibu ya Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka: mavuno moja huwa Februari na Machi, na mengine Agosti na Septemba. Hiyo ni baraka ambayo Rasi, yenye msimu mmoja, haikujaliwa. Lakini zabibu haingoji kama mahindi yanavyongoja ghalani. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi mwenye ekari moja hana chumba cha baridi. Wanunuzi wakiwa wachache bei huanguka, na baraka ya mavuno mawili yaweza kugeuka hasara mbili.

"Sikusema kwamba Dodoma hapana machozi," mke alijibu. "Nasema kwamba mwenye shamba nitamkuta shambani. Nitamwuliza kwa Kiswahili, naye atanijibu. Nikinunua kapu, fedha yangu nitaiona ikiingia mkononi mwake."

Hoja hiyo ilikuwa na uzito kuliko milima. Mgeni wa Rasi hupewa glasi safi na maelezo mazuri. Huenda asibadilishane neno hata moja na mchumaji. Mgeni wa Dodoma huweza kuambiwa jambo lisilopendeza, na mwenyeji anayeweza kumweleza mgeni taabu yake amekwisha anza kupona.

Mwalimu alikubali, wala hakujifanya kwamba hakupoteza kitu. Rasi itabaki kwake habari ya vitabuni. Tofauti ya nauli ilipohesabiwa, mke aliomba itumike kukaa siku nyingi zaidi wakati wa mavuno ya Agosti, ili wachume pamoja na wenyeji. Mumewe aliuliza kama mkono wa mzee wafaa kwa kazi hiyo. Aliambiwa kwamba mkono ulioshika chaki miaka yote ile hautashindwa na mkasi.